Neno "Lonka" na Pua ya Bibi Jera

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, walimu wenzangu, Bi Lenka Rutar uliyeshuka kutoka milimani asubuhi hii, wanafunzi, na wewe Profesa Ciril Hvalica tunayekuaga leo: salamu zangu kwenu nyote.

Nilikuwa nimeandika hotuba ya sifa. Niliichana juzi.

Neno la Profesa mnalijua. Sisi Waslovenia tunasema loka, malisho ya kando ya mto. Profesa alitufundisha kwamba mababu wa Waslavi wote walilitamka puani, lonka, kutoka shina lenye maana ya kupinda, kwa kuwa ni ardhi iliyozungukwa na kona ya mto. Waliposema wanakwenda huko, hata mwisho wa neno uliingia puani: lonkon. Wapolandi wamebaki na sauti za puani. Kwetu zilikufa zamani. Basi fikirini furaha yake, miaka arobaini iliyopita, alipomrekodi ajuza mmoja wa milimani, Bibi Jera, kijijini kwake akisema waziwazi, "Naenda lonkon." Kitabu chake kizima kikasimama juu ya sentensi hiyo.

Juzi Bi Lenka, mjukuu wa Bibi Jera, aliingia ofisini kwa Profesa, nami nikiwepo, na keki ya kokwa za jozi, akaomba kusikia sauti ya bibi yake. Akasikiliza. Akacheka mpaka machozi.

"Jamani Profesa! Bibi alizaliwa na tundu kaakaani, kila sauti ikamtokea puani. Hata mkate aliutamka hivyohivyo! Sisi wajukuu tulimwita Zumari."

Profesa hakucheka. Aliuendesha ukanda wa sauti hadi mwisho, sehemu ambayo hakuna aliyewahi kuijali. Mkate, puani. Mbuzi, puani. Jina lake mwenyewe, puani. Nilimsogelea Profesa. Nikamnong'oneza, "Mwalimu, zimebaki siku mbili ustaafu. Nani atajua?"

Akanitazama kama mgeni. "Breda, wewe umeshajua."

Akaketi papo hapo, akaliandikia jarida lililochapisha utafiti wake: ushahidi wangu wa kijijini ufutwe.

Ndugu zangu, ni wangapi humu tungeweza? Kinachonishtua mpaka sasa ni jinsi ulimi wangu ulivyokuwa mwepesi kuficha. Maana shahada yangu ya udaktari nami niliipata kwa ukanda huohuo. Mheshimiwa Mkuu, barua yangu ya kuomba tasnifu yangu ipitiwe upya nimeiweka mezani kwako kabla sijapanda hapa.

Profesa, shikamoo, na ahsante. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.