Ukaa Umepungua kwa Asilimia Tisini

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, Ndugu Meneja wa kiwanda chetu cha sabuni, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe shemeji yetu, mke wa Fundi wa boila, uliyeambiwa uvae vizuri bila kuambiwa vizuri kwa nini: hamjambo?

Mimi ni mtunza stoo. Nimepewa dakika tano kumuaga Fundi. Kesho boila yake ya mafuta mazito inazimwa, maji yetu yatachemshwa na jua, naye anakwenda nyumbani miaka minne kabla ya wakati wake. Kwa dunia ni jambo jema. Lakini tulifikaje hapa?

Mwaka jana ilikuja barua kutoka makao makuu: "Kila kiwanda kipunguze ukaa kwa nusu." Ndugu Meneja, ambaye agizo halilali kwake, akatukusanya ofisini. "Mmesikia? Mnakaa mno!" Karani wa mishahara akathubutu kuuliza kukaa kwetu kunaipaje dunia joto. Meneja akamwinua, akamwambia aguse kiti alichotoka kukikalia. "Joto hilo, siyo joto? Haya, zidisha kwa watu wote duniani!"

Nani angebisha? Kiti kilikuwa cha moto kweli. Alasiri ile ile nikapokea stoo viti arobaini na kimoja.

Tulisimama miezi saba. Tuliandika tumesimama, tukala tumesimama. Vikao vikawa vifupi, na hiyo, nakiri, ilikuwa faida. Ripoti ikaenda juu: ukaa umepungua kwa asilimia tisini. Kumi zilizobaki ni dereva wa lori, ambaye tulijaribu naye mara mbili, na ukuta wa geti ni shahidi. Mheshimiwa, cheti cha pongezi ulituletea mwenyewe. Siku hiyo bomba la boila lilitema moshi mpaka kwenye picha tukaonekana meno tu.

Fundi alijua tangu mwanzo. Husoma magazeti yanayofungiwa vipuri. Mbona alinyamaza? Shemeji, si ulimwambia wewe? "Baba watoto, ukifungua mdomo wataifunga boila. Tutakula ukweli?" Wala hukukosea.

Ila yule karani alikuwa mjamzito. Mwezi wa nane, miguu imevimba, anaandika mishahara ya watu juu ya kabati. Fundi akaja stoo, masizi mpaka viwikoni, akataka kiti. Nikamwambia sina kibali.

"Wewe ni ndugu yangu au ni kufuli?"

Nikatoa. Akakipeleka ofisini, na mbele ya Meneja akasema: "Keti, mwanangu. Ukaa ni moshi. Unatoka kwenye bomba langu."

Sentensi tatu, na mtu amejichongea.

Leo tunampa saa ya ukutani. Lakini wiki tatu hizi, mafundi wa mitambo ya jua walipokuwa juu ya paa, nani aliwashikia ngazi? Nani aliwaonyesha kwamba bomba la kurudishia maji wamelifunga kichwa chini miguu juu? Sasa wameondoka. Kitabu cha mtambo kimeandikwa kwa lugha ambayo hapa hakuna anayeijua hata kwa salamu. Na maji yanayomdondokea mgeni wetu wa pili kutoka kulia, samahani sana mzee, si mvua. Ni koki.

Meneja, utapanda wewe?

Naona Fundi ameshavua koti la sherehe. Shemeji, mshikie.

Mheshimiwa, nimeagizwa kumuaga mtu ambaye yuko katikati ya ngazi. Nitaanzia wapi? Barua ya kumstaafisha hii hapa, nami ni mtunza stoo: kwangu hakitoki kitu bila saini mbili. Ya Meneja ipo. Yako bado, na naona kalamu umeirudisha mfukoni.

Kwa kalamu hiyo iliyorudi mfukoni, Mheshimiwa, nashukuru kwa niaba ya wote. Nanyi wengine, asanteni kwa kunisikiliza. Mlio chini ya paa, sogeeni kidogo, Fundi anafungua koki.