Kidole Gumba cha Devota

Kijiwe cha mtaa wa Kikuyu hakina kibao wala mwenyekiti. Kina benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka, birika la Anuari muuza kahawa, na baiskeli tatu nne zilizopinduliwa magurudumu juu zikimsubiri fundi. Miaka ile ya ubinafsishaji, nchi iliendeshwa kutoka hapo. Shirika likiuzwa, kijiwe kilimjua mnunuzi kabla ya magazeti. Benki ikifungwa, kijiwe kilikuwa kimeshatoa sababu tatu, zote za uongo. Ijumaa hiyo, upepo wa Dodoma ukimwaga vumbi hadi ndani ya vikombe, kililetewa kazi ambayo bora kingeikataa.

Aliyeileta ni Yoramu. Kwa miaka ishirini na nane alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la maghala, hata kijiweni wakamwita Stoo. Sasa shirika limepata mwekezaji, na mwekezaji amesema wenye umri wa Yoramu wapumzike mwisho wa mwezi. Kila mstaafu atapewa bima ya matibabu, yeye na mwenzi wake, ila achague mpango mmoja kati ya miwili, na fomu ifike ofisini Ijumaa hiyo hiyo kabla ya saa sita mchana. Ukishachagua umechagua, hakuna kurudi nyuma.

Fomu zote mbili zilikuwa kwenye mfuko wa shati. Ya kijani ilikuwa ya kampuni binafsi iliyoingia mjini na soko huria: hospitali kubwa, madaktari bingwa, kulazwa chumba cha watu wawili. Nyeupe ilikuwa ya hospitali za serikali, foleni ile ile, na dawa kama zipo. Ya kijani ilitaka mtu aorodheshe magonjwa yake yote. Nyeupe haikuuliza kitu.

Na nyumbani yuko Devota, mke wake, mwaka wa sita sasa anaishi kwa sindano ya kisukari kila asubuhi, na tangu Pasaka ana kidonda mguuni kisichotaka kufunga. Yoramu hakuogopa kustaafu. Alikiogopa kidonda kile, akakiogopa mpaka akashindwa kukitaja mbele ya mkewe. Badala ya kukaa naye wazungumze, alichukua fomu zake akawaletea watu wasio na mguu wa kupoteza.

— Ya kijani, alisema Hamidi kabla hajaisoma. — Wewe umewahi kumwona mkubwa kapanga foleni?

Hamidi aliuza mitumba, lakini zamani alikuwa tarishi wizarani, na kwa kubeba mafaili yale alijiona ameyasoma yote. Ndiyo maana aliitwa Waziri. Yoramu alipomwonyesha sehemu ya kuorodhesha magonjwa, Waziri alikunja uso, akasema hapo ndipo penye mtego. Kampuni hizi zinataka wenye afya tu. Mgonjwa akijitaja, fomu yake inaishia kwenye droo.

Matonya, fundi baiskeli, aliitwa Breki kwa kuwa akianza kusema hana. Yeye alikwenda mbali zaidi. Alisema mwekezaji hana haja na bima ya mtu. Anataka kujua nani mgonjwa ili mafao yake yacheleweshwe mpaka afe. Na ile damu wanayotoa hospitalini kupima, mbona hairudishwi? Inakwenda wapi?

Hapo akafika mwanamke mmoja akisukuma baiskeli yenye pancha, dumu la mafuta ya alizeti limefungwa kwenye karia.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Kaa hapo, ni dakika mbili tu, alisema Breki, akalichukua tairi na kuliweka mapajani, kisha akalisahau.

Mwanamke alisema anaitwa Anastazia, ametoka Kongwa, na mafuta yanasubiriwa sokoni. Anuari akampa kahawa. Yeye akakaa ukingoni mwa benchi, jicho kwenye tairi lake.

Waziri hakupenda kupitwa. Aliinamisha kichwa, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali. Kuna mtambo Ulaya, alisema. Ukiandika ugonjwa kwenye fomu ya kijani, jina linakwenda kule kwa waya, na mtambo hausahau. Leo ni Devota, kesho ni watoto wa Devota, wajukuu, ukoo mzima umeandikwa mbovu. Hakuna kampuni itakayowagusa tena.

Yoramu alijua ni upuuzi. Lakini saa ilikuwa imeshatimu tano na robo, jasho linamtoka, na mtu mwenye hofu husikia hata upuuzi ukimwita jina. Alitaka Devota alale kwenye kitanda safi, atazamwe na bingwa. Hakutaka zaidi ya hapo.

— Sasa niandike nini? aliuliza.

— Mzima, alisema Waziri, akamchomolea kalamu.

Yoramu akaandika. Mbele ya jina la mwenzi wake, Devota, penye nafasi ya magonjwa, akaandika kwa herufi za stoo, kubwa na safi: HANA. Kijiwe kilishusha pumzi, kisha macho yakashuka chini ya ukurasa, ambapo palitakiwa sahihi ya mwenzi.

Ikawa kesi mpya. Waziri alisema kumfuata Devota ni kupoteza muda, na akija ataanza maswali. Breki akasema pale wameandika sahihi au dole gumba, na magumba yote yanafanana, nani atakwenda kupima? Akachovya kidole kwenye grisi ya cheni, akakitoa cheusi tii, akamwinulia Yoramu.

— Lete nimsaidie shemeji.

Yoramu aliijua sahihi ya mkewe. Devota alifundisha watoto wa kanisani kusoma kwa miaka kumi na mbili, na herufi ya kwanza ya jina lake huizungusha kama mtu anayetarizi. Aliona aibu, akaiona waziwazi, na bado akaitandaza fomu juu ya goti.

— Samahanini, baba zangu, alisema Anastazia.

Gumba la Breki likasimama hewani.

— Siku huyo mama atakapokwenda hospitali na kadi hiyo, atasema anaumwa nini?

Anuari aliinamia birika, akalitikisa, ingawa kila mtu alijua halijaisha. Upepo ulitaka kuichukua fomu, Yoramu akaibana kwa kiganja.

— Atasema malaria, alisema Breki.

— Basi watamtibu malaria.

Hakuisema kwa ukali. Aliisema kama anayetaja bei ya mafuta yake, kisha akamwomba fundi amalizie pancha. Breki akajifuta grisi kwenye suruali, akainamia tairi.

Yoramu akainua kalamu ili aikate ile HANA. Ndipo akaona maandishi madogo pembezoni: fomu iliyofutwa au kurekebishwa haitapokelewa, wala haitatolewa nyingine. Alisoma mara mbili. Hasira ilimpanda, na haikuwa ya Waziri wala ya Breki, maana hao hawakumfunga kamba kumleta pale. Mpango wa madaktari bingwa alikuwa ameuua mwenyewe, kwa neno moja, kwa kuogopa mguu wa mkewe.

Aliiacha ya kijani juu ya benchi. Nyeupe akaikunja, akairudisha mfukoni, akasimama.

— Stoo, ofisi ni huku, alisema Waziri. — Zimebaki dakika ishirini na tano.

Yoramu hakugeuka. Alishika njia ya nyumbani, akitembea upesi kuliko umri wake, vumbi likimpiga usoni. Sahihi ya Devota kwenye nyeupe ataiomba, na HANA ataikiri. Lakini la kwanza alilotaka kumwuliza halikuwamo kwenye fomu yoyote: kidonda kimeamkaje leo.