Glasi ya Maji Aliyoikataa Shangazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkuu wetu wa maabara ya maji anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Jina lake kamili lipo kwenye vyeti, lakini ofisi nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mhasibu mkuu, tunamwita Shangazi. Jina alilipata kwa ukali wake. Ukiingia maabara bila koti jeupe, utasemwa wewe, malezi yako na aliyekuajiri.

Alikuja akitoka chuoni, maabara ikiwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofungika, kando ya stoo ya mabomba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima klorini kwenye maji yanayotoka mtamboni. Alipanda cheo taratibu, huku akigombana na kila aliyeshika bajeti, na mashine nzuri tulizonazo leo ni matunda ya ugomvi huo.

Wenzake hubeba mwavuli kwenye mkoba. Yeye hubeba chupa ya sampuli. Kwenye harusi ya dereva wetu, hata wakwe hajawasalimu, aliuliza jiko liko wapi. Tulidhani ana njaa. Kumbe anatafuta bomba!

Vikaoni, maji ya dukani ni marufuku. Huweka jagi la maji ya bomba katikati ya meza, na bosi yeyote anayekuja na chupa yake hukodolewa macho mpaka aifiche chini ya kiti. Kuwauzia watu maji ambayo wewe mwenyewe huyanywi, kwake huo ni wizi.

Lakini siku moja Shangazi alikataa maji yetu mbele za watu, na hiyo ndiyo siku tunayojivunia kuliko zote.

Miaka kadhaa iliyopita alimpeleka mjukuu wake chekechea mapema kuliko kawaida. Akamkuta mpishi anajaza sufuria la chai kwa maji ya kwanza kabisa ya siku hiyo. Shangazi akaganda mlangoni. Sisi wapimaji tulikuwa na mazoea ya kuacha bomba litiririke kidogo kabla ya kujaza chupa. Ukitafuta vijidudu, ni sawa kabisa. Ila mtaa ule ulikuwa na mabomba ya zamani ya risasi, madini yenye sumu isiyo na rangi wala ladha, inayodumaza akili za watoto. Maji yakilala humo usiku kucha, huinyonya sumu hiyo. Kwa hiyo kila tulipoyaacha yatiririke, tulimwaga kile kile tulichopaswa kukipima. Mpishi, mwenye watoto wa kuwawahi, hakuwa akimwaga kitu.

Kesho yake Shangazi aliwahi kabla ya mpishi, akakinga maji hayo ya kwanza. Majibu yalitutisha: risasi ilizidi kiwango mara nyingi. Na ukutani, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, kilining'inia cheti kinachosema maji ya shule ni salama. Sahihi ilikuwa ya Shangazi.

Mkurugenzi wa wakati huo alitaka mabomba yabadilishwe kwanza, watu waambiwe baadaye, wasije wakataharuki. Alimkumbusha pia kwamba kibarua chake kinaweza kuota nyasi. Hata sisi wenzake tulimsihi anyamaze. Thubutu! Alitupa vidonge vyetu mmoja mmoja: mabomba yatachukua miezi, watoto watakunywa chai kesho asubuhi. Akawaita wazazi.

Walikaa darasani kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Shangazi alipoanza kueleza, mama mmoja, fundi cherehani mwenye binti darasani humo, alinyanyuka. Alikwenda jikoni, akajaza glasi, akaja kuiweka mbele ya Shangazi. Kama cheti ni chako, alimwambia, kunywa.

Sisi wa ofisini tuliokuwa pale tuliomba Mungu anywe. Funda moja lisingemdhuru mtu mzima, na ofisi ingepona. Shangazi aliitazama ile glasi, akaisogeza pembeni. Alisema hanywi, na mtoto yeyote asinywe. Akasema cheti ni chake, kina makosa, na anaomba radhi. Halafu akalia. Fundi cherehani naye akalia, kwa hasira.

Asubuhi iliyofuata gari la maji lilikuwa getini kwa shule, na barua ya kumtaka Shangazi ajieleze ilikuwa mezani kwake. Watoto walipimwa damu. Kadhaa walikutwa na risasi, binti wa fundi cherehani akiwemo, na alihudhuria hospitali muda mrefu mpaka madaktari waliporidhika. Mabomba ya mtaa yaling'olewa. Leo kila mpimaji wetu hukinga pia maji ya kwanza ya asubuhi. Bado kuna mitaa michache yenye mabomba ya zamani, na Shangazi ametuonya kwamba namba zetu za simu anazo zote.

Mumewe amekuwa akitupigia simu kuuliza kama hatuwezi kumwongezea mkataba. Nyumbani kwao maji ya kwanza ya siku ni ya kudekia, na maskini ya Mungu amewahi kushikwa akiyachemshia chai. Sasa atasimamiwa kutwa nzima. Pole sana, shemeji.

Shangazi, ahsante kwa kutusema, na kwa kutufundisha kusema tumekosea wakati bado inasaidia. Nenda kapumzike kwa afya na furaha, ucheze na wajukuu, na wakwe za watu uwaache wale kwa amani.

Gauni utakalovaa Ijumaa limeshonwa na yule fundi cherehani, amekataa malipo. Ameomba kitu kimoja tu: jagi la meza kuu lijazwe kwenye bomba la chekechea, alilete mwenyewe, na glasi ya kwanza akumiminie yeye. Maji tumeyapima, yale ya kwanza ya asubuhi. Ni salama.

Safari hii, Shangazi, kunywa.