Mama Stoo na Bunduki Yenye Mkanda wa Bluu

Tunayemsindikiza leo, Mama Stoo kama mlivyozoea kumwita, alizaliwa tarehe 9 Machi 1950 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa mshika bendera wa stesheni na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana, kisha kozi ya utunzaji wa bohari.

Januari 1971 aliajiriwa stoo ya vipuri ya karakana hiyohiyo. Huko fundi mmoja wa mashine, ambaye ndiye Baba, alianza kufuata bolti kila asubuhi. Siku moja Mama alimwambia, "Bolti ninazo nyingi. Sema unachotaka." Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972, wakajaliwa mwana na mabinti wawili.

Mwana alikua, akawa askari katika kambi iliyo juu ya mji. Vita vikazuka nchini, na mwaka wa pili kambi hiyo ilitekwa. Waliobaki hai walitawanyika, na familia za askari zikaanza kutolewa majumbani usiku, wengine wasirudi. Wiki hiyo ofisa wa upande ulioshinda alifika karakana akitaka watu wanaojua kazi ya stoo, wakahesabu silaha zilizoachwa. Mama alichukuliwa. Kukataa kungezua maswali.

Alitusimulia baadaye kwamba ghala lilinuka, kwa kuwa maiti walikuwa bado uwanjani. Bunduki zilirundikwa sakafuni kama kuni, nyingine zikiwa na damu iliyokauka kwenye kitako. Askari alihakikisha hazina risasi, Mama akizipanga: nzima huku, mbovu kule. Mchana alinyanyua moja ambayo mkanda wake ulikuwa na kiraka cha kitambaa cha bluu. Kiraka hicho alikishona kwa mkono wake mwenyewe, mwanawe alipokuja likizo.

Ofisa alimwona amesita. Akauliza, "Unaijua?"

"Naangalia kama mkanda utashika," Mama akajibu. "Ni nzima."

Akaiweka na zilizo nzima, akaendelea hadi jioni. Nyumbani alimnong'oneza Baba, "Nimeishika bunduki ya mwanao. Yeye sijamwona." Hawakulia kwa sauti, maana ukuta wa jirani ulikuwa mwembamba.

Vita vilipokwisha alizunguka hospitali, magereza na makaburi ya pamoja. Hakupata jibu. Alirudi kazini, akastaafu mwaka 2005, akiwa mtani yuleyule ila mwepesi wa kunyamaza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na mwanawe wa kwanza. Baadhi ya ndugu wameshauri tumwandike mwana huyo kuwa ametangulia. Mama mwenyewe alituambia hospitalini, "Nilichokiona ni bunduki. Msinizikie mtoto." Tumemtii.

Mungu ampe pumziko ambalo hapa duniani lilimpita.