Chumba cha Bhoke Kule Uholanzi

Mimi ni kinyozi, jina langu Revocatus, na duka langu liko Tarime mjini, pale barabara ya Sirari inapokutana na njia ya sokoni. Nje ya mlango kuna benchi la mbao ambalo halijawahi kunilipa kodi. Wanaolikalia ni watatu. Wa kwanza ni Simon, tunamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kuwa karani wa baraza la kata na tangu hapo hamalizi sentensi bila "kwa mujibu". Wa pili ni Mwikwabe, jina la kijiweni Nairobi. Alifanya kazi Kenya miaka minane akarudi na koti moja na Kiswahili cha huko. Wa tatu ni Ryoba Moto, mwenye birika. Anauza kahawa na kashata, na kila kikombe kinakuja na maoni bure. Jumatatu hiyo ya Januari, saa nne asubuhi, akafika wa nne ambaye si wa kila siku: Waitara, mfugaji wa Nyanungu, mtu mrefu asiyependa maneno. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mfuko wa shati. Ndani ya mfuko mlikuwa na fedha za dume aliyemuuza mnadani Jumamosi.

Alikuja kwangu kwa sababu simu yake ni ile ya tochi. Binti yake Bhoke, akiwa na neno, huniandikia mimi, nami namsomea mzee, ambaye yeye humwita Tata. Bhoke alisoma mambo ya mifugo chuoni Morogoro, akaitwa Uholanzi kujifunza kazi miezi sita kwenye maabara ya chakula cha ng'ombe. Posho wanampa, ndogo. Pa kulala ajitafutie.

— Soma tena, Waitara akaniambia. Nisije nikakosea pale dirishani pa kutuma fedha.

Nikamwacha mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa, nikasoma:

"Shikamoo mjomba. Mwambie Tata nimepata chumba. Mwenye nyumba yuko Uhispania kikazi. Bei ni nusu ya vyumba vingine. Anataka kodi ya miezi miwili leo kabla ya saa sita ya huku, halafu atatuma ufunguo kwa posta. Wapo wengine wanaokitaka. Bila anwani siwezi kuandikishwa manispaa, bila kuandikishwa benki hawanifungulii akaunti, na bila akaunti posho haiingii. Tata afanye haraka. Nimechoka."

Neno la mwisho sikulisoma kwa sauti. Niliona si sehemu ya biashara.

— Mkataba upo? Wakili akauliza.

— Upo, katuma picha, nikajibu. Una muhuri.

— Wa mviringo au wa pembe nne?

— Wa mviringo.

— Basi nyumba ipo. Kwa mujibu wa mihuri, mviringo ni wa serikali au wa kanisa. Mzee, haraka haraka haina baraka, kwa hiyo nenda katume sasa hivi, usije ukaharakishwa saa sita.

— Wee Wakili, wacha! Nairobi akaruka. Huyo ni mkora. Si uniskize, mzee. Mimi nilionyeshwa keja Nairobi na kijana msafi, viatu vinang'aa. Chumba kizuri, maji ndani. Nikatoa deposit. Jioni nafika na godoro kichwani, nakuta familia inakula ugali. Hawanijui. Nikiwa bado nimesimama mlangoni, akaja mwingine na godoro lake. Siku hiyo tulifika watu saba kwa chumba kimoja! Asiyekuwepo na lake halipo. Mwenye nyumba hayupo, kwa hivyo nyumba haipo.

— Methali hiyo ni ya mgao wa nyama, Wakili akasema. Usiilete kwenye majengo.

— Dalali wake ni nani? Ryoba akauliza huku akimimina.

— Hakuna dalali. Ni mtandaoni.

— Nyumba haina dalali? Hata pango la fisi lina dalali. Hebu nione hiyo picha.

Nikampa simu. Kitanda kimetandikwa, dirisha kubwa, na juu ya blanketi amelala paka wa rangi ya majivu. Ryoba aliitazama muda mrefu, birika mkononi.

— Nyinyi hamumwoni huyu paka?

— Tunamwona.

— Kama mwenyewe yuko Uhispania, paka analishwa na nani?

Hapo wote tukainamia simu. Hata mteja wangu aligeuka na shuka shingoni. Ungekuwa ni ushauri mzuri kama Ryoba angeishia hapo.

— Mimi nawaambia, mwenye nyumba alishakufa. Huko paka wanarithi, nilisikia redioni. Bhoke anapangishwa na paka.

— Kwa mujibu wa mirathi, paka hawezi kusaini, Wakili akasema.

— Lakini muhuri anaweza kuukanyaga!

Nairobi alicheka, Wakili akacheka. Waitara hakucheka. Akatazama saa ya ukutani dukani kwangu. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Uholanzi wako nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo saa sita ya kwao ni saa nane ya kwetu, ila mzee aliambiwa na yule wa dirishani kwamba fedha huchukua saa mbili hata tatu kufika.

— Avitafute vyumba vingine basi, Nairobi akasema.

— Ameandikia watu sitini na mmoja, nikajibu. Waliomjibu ni tisa. Wakisikia ni miezi sita, wanasema wanataka wa mwaka mzima. Wengine wanamwita, anakuta wapangaji wamekaa duara wanamhoji. Unapika nini? Unapenda mchezo gani? Halafu wanachagua mmoja kati ya watu ishirini.

— Hiyo ni posa! Ryoba akapiga paja. Angepeleka mbuzi.

— Nchi imejaa vipi namna hiyo? Wakili akauliza.

— Iko chini ya bahari ile, Ryoba akasema bila kusita. Kila mwaka ghorofa ya chini inazama, watu wanahamia ya juu. Ndiyo maana nafasi hakuna. Mimi ningekuwa Bhoke ningelala na ng'ombe. Ng'ombe wa kule wana feni na redio.

Waitara akasimama. Fimbo yake ilikuwa imeegemea ukuta, akaichukua.

— Sikumtoa kwa ng'ombe, akasema polepole, leo nimpeleke akalale nao?

Ryoba aliweka birika chini. Sote tulijua habari hiyo. Bhoke alipomaliza kidato cha nne, Kisyeri, kaka yake Waitara, alileta mchumba mwenye zizi zima. Waitara akawarudisha wageni na ng'ombe wao, akasema mtoto anasoma. Ndugu hawajamsamehe. Tangu Bhoke apande ndege, Kisyeri anauliza kila Jumapili nje ya kanisa: vipi, Mzungu wetu ameshazoea?

— Mzee, sijakutukana, Ryoba akasema.

— Nisipotuma, chumba kinaondoka. Posho haiingii. Anarudi hapa na begi, Kisyeri anapata la kusema mpaka ninazikwa. Nakwenda.

— Huendi. Nairobi alikuwa ameshasimama mbele yake. Utakuwa umempa mkora dume zima.

— Nipishe, mura.

— Sikupishi.

— Mwache akatume! Wakili akapaza sauti. Mkataba una muhuri!

— Muhuri wako hata mimi nachonga kwa kiazi!

Waitara alimsukuma kwa kifua. Nairobi akashika mkono wenye fimbo. Vikombe viwili vikaanguka kwenye changarawe. Mimi nilikuwa mlangoni na mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi, sikumbuki hata niliiwasha ya nini. Wakurya wawili wakishikana hivyo, mtu mwenye akili haingii katikati. Nami si Mkurya, nimetoka Ikoma, napenda meno yangu.

— Kahawa ipo?

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Alivaa gamboti, mgongoni amebeba kiroba cha viazi vitamu. Baadaye tulijua kuwa anaitwa Robi, wa Susuni, amekuja sokoni. Hakuwashangaa wale wawili. Alitua kiroba chake kwenye benchi palipokuwa wazi, akakaa pembeni yake.

— Ipo, mama, Ryoba akasema. Subiri kidogo, kuna shauri hapa.

— Shauri gani?

Tukamweleza, wote kwa pamoja, kila mtu akimkatiza mwenzake. Uholanzi, Uhispania, muhuri, posta, paka. Waitara na Nairobi waliachiana ili kila mmoja aeleze vizuri upande wake. Mama yule alisikiliza, akapuliza kahawa, akanywa kidogo.

— Huyo binti, akauliza, jana alilala wapi?



Wakili akamtazama Waitara. Nairobi akaanza kuokota vikombe. Waitara alinigeukia mimi, kwa sababu simu ni yangu, na mimi nikaitazama ile simu. Bei ya chumba niliijua. Rangi ya paka niliijua. Ujumbe wa Bhoke wa siku kumi nzima nilikuwa nao mkononi, na hilo sikuwahi kumuuliza.

— Piga, Waitara akasema.

Nikapiga ya video. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea. Alikuwa amevaa koti na kofia yake kichwani, nyuma yake vigae vyeupe.

— Shikamoo Tata.

— Marahaba. Uko wapi?

— Kazini.

— Jana ulilala wapi?

Alicheka kidogo. Kile kicheko kikakatika njiani.

— Hosteli iliisha Ijumaa, Tata.

— Leo ni Jumatatu.

— Ijumaa nilikaa stesheni mpaka walipofunga, nikatembeatembea mpaka asubuhi. Halafu nimelala hapa kazini, chumba cha kubadilishia nguo. Kadi ya mlango ninayo. Mlinzi akipita nahamia chooni. Siwashi taa, naogopa wataona.

Waitara alishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli lililojaa.

— Mkubwa wako anajua?

— Hapana. Tata, naona aibu. Nimekuja kujifunza, sikuja kuomba. Akijua atanirudisha nyumbani, na baba mkubwa...

— Mwache Kisyeri. Nisikilize. Huku kwetu giza likikukuta njiani, mbali na nyumbani, unafanya nini?



— Nabisha hodi.

— Kwa nani?

— Mji wowote ulio karibu, boma la yeyote.

— Unaona aibu?

— Hapana.

— Mwenye aibu ni yule atakayekufungia. Nenda kwa mkubwa wako sasa hivi, ubishe hodi.

— Na chumba, Tata? Yule bwana ananisubiri.

Ryoba akaingiza kichwa kwenye kioo. — Bhoke, mwambie yule anayemlisha paka akufungulie mlango, ukaone kwanza!

Bhoke akakata. Tukakaa. Nilimaliza nusu ya pili ya kichwa cha mteja wangu vibaya, wala hakulalamika, akabaki hapo hapo kusikiliza. Kabla ya saa tano na nusu ujumbe ukaingia: yule bwana alijibu kwamba hana muda wa maswali, alipe au aache. Alipomwandikia tena, tayari alikuwa amemzuia, na tangazo la chumba halipo.

Nairobi alikuwa na haki ya kusema "niliwaambia". Nilimwona neno limemfika kooni. Akalimeza, akamsogezea Waitara kashata.

Kuhusu mkubwa wa kazi, kimya. Saa sita ikapita. Saa saba. Robi alikwenda sokoni na kiroba chake akarudi nacho, kimepungua nusu, akauliza kwa macho, nasi tukatikisa vichwa. Kahawa iliisha. Ryoba hakwenda kupika nyingine. Waitara hakuketi. Alisimama ukingoni mwa barabara, mgongo kwetu, na kila simu yangu ilipolia kwa ajili ya upuuzi mwingine, mabega yake yalipanda.

Ilipofika saa nane na robo Bhoke akaandika, marefu. Mkubwa wake ni mwanamke. Alimsikiliza, akafunga mlango wa ofisi, akamuuliza siku ngapi. Kisha akampa barua ya onyo, kwa sababu sheria ya maabara ni sheria, na baada ya barua akaanza kupiga simu. Ya tano ilimpata mwalimu mstaafu, mjane, watoto wake wameshahama. Chumba anacho. Kodi itatoka kwenye posho na kitabaki cha kula. Na kesho watakwenda wote manispaa amwandikishe kwenye anwani yake.

Nilimsomea Waitara neno kwa neno. Akasema "haya", akavuka barabara. Siyo kwenda dirishani. Alikwenda kumshukuru Robi, aliyekuwa anapanda bodaboda. Walichosema sikukisikia.

Hakurudi Nyanungu siku hiyo. Alilala kwa rafiki yake hapa mjini, na asubuhi nilimkuta mlangoni kabla sijafungua. Wale watatu nao waliwahi, jambo lisilo la kawaida. Ujumbe ulikuwepo, mfupi.

"Mwambie Tata nililala saa kumi na mbili jioni, nimeamka saa kumi na mbili asubuhi. Sikuota chochote."

— Soma tena, akasema.

Nikasoma tena.

Akavua kofia, akaiweka usoni, mabega yakaanza kutikisika. Mtu wa umri ule, mrefu vile. Hakuna aliyekuwa na methali. Kulikuwa na lori la ndizi linapita kuelekea mpakani, nasi wote wanne tukaligeukia, tukalitazama kwa makini sana, mpaka lilipopotea kabisa, na hata baada ya hapo.