Mama Pindo, Dada Aliyemkimbilia Mumewe

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Pindo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya saba wa fundi baiskeli na mkunga. Mama alipenda kusimulia kwamba siku hiyo asubuhi alimzalisha jirani, mchana akamzaa yeye, na jioni akamkemea baba kwa kuunguza maharage.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, kisha akasomea ushonaji chuo cha ufundi na kupata cheti mwaka 1978. Januari 1980 aliajiriwa katika chumba cha kushonea cha hospitali, akadumu humo miaka thelathini na sita. Shuka lenye pindo lililokwenda upande halikuvuka mlango wake. Jina lake lilianzia hapo.

Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984, alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa redio jeshini. Walijaliwa binti na mwana.

Yanayofuata, kama familia, tulikuwa hatuyasemi nje. Shemeji mwenyewe ameniomba niyasome.

Shemeji alirudi kutoka vitani mwaka 1999, mzima wa mwili. Lakini kila alipoketi aliegemeza mgongo ukutani, na mlango ukibamizwa alitoka nje asirudi hadi jioni. Majirani wakasema ana kiburi. Dada akawajibu, "Kiburi nakijua, nimekua na kaka zangu." Baada ya miaka kadhaa Shemeji alimpata mshauri nasaha wa wanajeshi wastaafu. Chumba cha mshauri huyo kilifunguliwa siku moja tu kwa wiki, na foleni ilifika barabarani.

Mwaka 2012 zikatangazwa mbio za kilomita kumi za kuchangisha fedha ili chumba kile kifunguliwe kila siku. Dada, mwenye miaka hamsini na mmoja, akajiandikisha. Alikuwa hajawahi kukimbia ila kuwahi mashuka yasinyeshewe. Akaanza mazoezi kuzunguka ukuta wa hospitali kabla ya kazi. Wenzake wakamtania, "Mama Pindo, unamkimbia nani?"

Akasema, "Simkimbii mtu. Namkimbilia."

Asubuhi ya mbio Shemeji alimwambia, "Watu watakuwa wengi. Sitaweza."

"Basi baki. Nitakuja kukusimulia."

Kilomita ya saba ilipita nyuma ya maghala, mahali pasipo na mtazamaji. Dada alipokata kona, alimkuta Shemeji amesimama peke yake, ameshika chupa ya maji. Alikuwa amechagua kipande kitupu kuliko vyote.

"Kimbia, wanakuacha," Shemeji akamwambia.

"Waache watangulie."

Wakaketi ukingoni mwa barabara. Hapo, kwa mara ya kwanza, Shemeji akamtajia rafiki yake aliyebaki kule vitani, na jinsi alivyobaki. Dada alifika mwisho wa mbio waandaaji wakiwa wanakunja meza, wakampa medali yake huku wakimwomba radhi kwamba maji yamekwisha.

Alikimbia mara saba. Mwaka mmoja alikuwa wa tatu kutoka mwisho, nasi tukasimuliwa hadi mwaka uliofuata. Tangu 2014 chumba cha ushauri hufunguliwa siku tano kwa wiki. Kila Alhamisi Shemeji huwapokea wageni mlangoni, na wale wasioweza kuingia hukaa nao nje.

Mwaka 2021 Dada aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, akilalamika kuhusu mashuka tu. "Aliyeshona hili alikuwa na haraka," alimwambia muuguzi. Hali ilibadilika mwezi Mei mwaka huu, na Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, alituacha, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake wanne.

Amani aliyomtafutia mwenzake, naye sasa aipate.