Vibao Arobaini vya Geti la Mashariki

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenituma niwasomee maisha yake ingawa wanajua fika kwamba sina kifua, basi mnivumilie.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1966 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya sita, akaanza shule ya msingi mwaka 1974, akamaliza sekondari mwaka 1984, na tarehe 2 Mei 1988 akaajiriwa kuwa mlinzi wa geti la mashariki la hifadhi ya wanyama. Tarehe 14 Desemba 1991 alimuoa wifi yangu, fundi cherehani, ambaye siku walipokutana kaka alimsubirisha getini saa nzima bila aibu, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2003, baada ya kuona magari yamemzingira simba mmoja kama inzi kwenye kidonda, alichonga vibao arobaini vyenye namba, kila gari likiingia linapewa kibao, likitoka linarudisha, na vikiisha hakuna kuingia, hata uwe waziri, hata uwe mimi, ndiyo maana madereva wakamwita Bwana Subiri, na kwa miaka kumi na tisa msongamano haukuua mnyama wala kumjeruhi mgeni.

Jumamosi tarehe 6 Agosti 2022, foleni ilipofika barabara kuu, ofisi ilichonga vibao vingine sitini. Ndiyo, vibao, kana kwamba kilichopungua ni mbao. Kaka alikataa kuvigawa, akaondolewa getini, vikagawiwa na mwingine, na ilipofika saa nane mchana magari yalikuwa yamefunga njia ya tembo ya kwenda mtoni, tembo jike akatenganishwa na mwanawe, akapindua gari, dereva akavunjika miguu yote miwili, tembo akapigwa risasi, kisha barua ya onyo akaandikiwa kaka yetu, eti ameshindwa kudhibiti wageni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini yeye alihamishiwa stoo kuhesabu sabuni za vyooni.

Aliandika rufaa tatu, hakujibiwa hata moja. Tarehe 11 Novemba 2023 alipata kiharusi, akalazwa, na hata ulimi ulipokuwa mzito aliendelea kumuuliza mkewe kama barua imefutwa, mpaka alipofariki tarehe 19 Februari 2024, saa tatu asubuhi. Haikuwa imefutwa.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani ambao hawakutuacha, na walinzi wenzake kumi na mmoja, ambao jana walitia saini kwamba vibao sitini vilitoka ofisini, wakijua wazi kwamba wanaweza kupoteza kazi, na hao ndio watakaobeba jeneza. Mkuu wa hifadhi, asante kwa kuja na kwa shada lako, ila barua yako ya onyo iko ndani ya bahasha hii pamoja na saini zao, tafadhali njoo uipokee mbele ya watu hawa, tutakusubiri, kwa sababu kaka yetu hatutamzika na kosa lako.

Pumzika kwa amani, kaka, kuanzia leo rufaa hii ni yetu.